Kanuni za zahanati ndani ya msimbo: niliyojifunza kwenye benchi la wagonjwa

Mtoto alikuwa akipumua mara 44 kwa dakika. Programu niliyoiandika ikatoa rangi ya njano: nimonia, apewe antibaotiki. Muuguzi aliyeshika kishikwambi akaitazama kadi ya kliniki, akamtazama mtoto, kisha akanigeukia. "Mdogo wangu, huyu hana nimonia. Hajatimiza mwaka."

Alisema kweli. Mwongozo wa WHO na UNICEF wa kumhudumia mtoto mgonjwa, ule unaojulikana kwa wahudumu kama IMCI, unaweka mipaka kwa umri. Mtoto wa miezi 2 hadi chini ya miezi 12 anahesabiwa kuwa anapumua haraka akifikisha pumzi 50 kwa dakika. Wa miezi 12 hadi chini ya miaka 5, pumzi 40. Huyu alikuwa na miezi 11. Mama yake alipoulizwa umri alijibu kama wanavyojibu akina mama wengi: "Ana mwaka." Fomu yangu ikaupokea mwaka, msimbo, yaani maagizo ya programu, ukaugeuza kuwa miezi 12, na kanuni ikafanya kazi yake barabara juu ya namba isiyo sahihi.

Usiku ule nilipekua kila kitu. Kanuni ya nimonia ilikuwa sawasawa na kitabu. Majaribio yote ya msimbo yalikuwa yanapita. Daktari aliyezipitia kanuni hakuwahi kuiona fomu, na mimi niliyeitengeneza fomu sikuwahi kukaa kwenye benchi la zahanati nikasikia jinsi umri unavyotajwa. Kosa lilikuwa kwenye mshono, pale kazi yake ilipokutana na yangu, na mshono huo haukuwa na mwenyewe.

Kazi tuliyokuwa tukiifanya ina jina: uhandisi wa maarifa. Ni kuyatoa yale anayoyajua mjuzi na kuyaandika kwa namna ambayo mashine inaweza kuyatumia. Jina hilo lilienezwa na Edward Feigenbaum wa Chuo Kikuu cha Stanford katika miaka ya 1970, na tangu zamani zile watu wa fani hii wanalia kilio kimoja: mashine si tatizo kubwa, tatizo ni kuyapata maarifa kutoka kwa mwenye nayo. Mjuzi hajui kwamba anajua. Ukimwuliza atakusomea kitabu. Ukimtazama akiwa kazini utaona mambo ambayo kitabu hakina.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayejenga mfumo wa aina hii ni kuacha chumba cha mkutano na kwenda kukaa pale kazi inapofanyika. Mimi nilikaa siku nne, daftari mkononi, bila kompyuta. Siku ya kwanza tu niliona kwamba muuguzi huanza kupima kabla hajauliza neno. Anapita kwenye foleni akiangalia nani amelegea, nani hanyonyi, nani anastukastuka, na huyo anaingia kwanza. Programu yangu ilitaka jina, kijiji, namba ya kadi na jina la mlezi kabla ya kufika kwenye dalili za hatari. Kanuni za hatari zilikuwemo zote, kamili, lakini zilikuwa nyuma ya skrini tatu. Mtoto mwenye degedege angesubiri fomu. Hapo mpangilio wa skrini wenyewe ulikuwa maarifa ya tiba, na mimi nilikuwa nimeupanga kama mtu wa takwimu.

Jambo jingine lilikuwa neno "juzi". Mwongozo unataka kujua kama homa imedumu zaidi ya siku 7. Mama akiulizwa homa imeanza lini, anasema "tangu juzi". Kwa kamusi hiyo ni siku ya pili kurudi nyuma, lakini mdomoni mwa watu inaweza kuwa siku nne au wiki nzima. Muuguzi haulizi idadi ya siku. Anauliza: "Ijumaa alikuwa mzima? Siku ya gulio mlikwenda naye?" Ndani ya maswali mawili anaipata siku yenyewe. Tuliiga hivyo hivyo kwenye programu, na majibu yakawa ya kuaminika zaidi. Sikuwahi kusoma mahali kwamba siku ya gulio ni sehemu ya uhandisi wa programu, lakini sasa naamini ni sehemu yake.

La pili ni mahali pa kuziweka kanuni. Toleo langu la kwanza lilikuwa na masharti yaliyotawanyika kila kona: mengine kwenye skrini, mengine kwenye hifadhidata, mengine kwenye ripoti. Ilienda vizuri mpaka nilipojiuliza itakuwaje mwongozo ukibadilika. Na mwongozo hubadilika kweli. Kabla ya 2010, mtoto mwenye homa katika eneo lenye malaria nyingi aliweza kupewa dawa ya malaria bila kupimwa. Mwaka huo WHO ikapendekeza kila anayeshukiwa apimwe kwanza. Mwaka 2014 ikabadilisha upangaji wa nimonia. Mtoto ambaye kifua kinabonyea kwa ndani, asiye na dalili nyingine ya hatari, ambaye awali alipaswa kupelekwa hospitali, sasa angeweza kutibiwa nyumbani kwa amoksilini ya kunywa. Fikiria kubadilisha hilo kwenye msimbo ambao sharti moja limeandikwa mahali patatu. Utabadilisha mawili, la tatu litakusubiri kimya.

Tulizitoa kanuni zote tukaziweka kwenye jedwali la maamuzi, kwa Kiswahili. Kila mstari una namba yake, hali, uamuzi, ukurasa wa mwongozo ulikotoka, tarehe, na nani ameuidhinisha. Daktari ambaye hajawahi kuandika msimbo analisoma na kusema "hapa mmekosea". Hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, kwa sababu kanuni asiyoweza kuisoma mwenye maarifa haina mtu wa kuisahihisha.

Lakini naomba sana hapa: jedwali likishatoka kwenye msimbo, usiliache holela. Nimewahi kuona timu ikimpa mtaalamu faili la Excel alibadilishe apendavyo, na mabadiliko yakaingia kwa watumiaji siku hiyo hiyo. Jedwali ni programu. Likae kwenye Git, chombo kinachotunza kila toleo la faili, pamoja na msimbo, kila badiliko lipitiwe na watu wawili, mmoja wa tiba na mmoja wa programu, na majaribio yapite kabla halijatoka. Digital Equipment Corporation, kampuni ya kompyuta ya Marekani, waliliona mapema. Mfumo wao wa XCON, ulioanzishwa na John McDermott wa Carnegie Mellon mwishoni mwa miaka ya 1970 ili kuchagua na kupanga vifaa vya kila kompyuta ya VAX iliyoagizwa, ulianza na kanuni mia kadhaa ukafika maelfu. Bidhaa zilibadilika kila wakati, na kanuni nazo zikalazimika kubadilika, hata kuzitunza kukawa kazi kubwa kuliko kuziandika.

Majaribio ndiyo yaliyotuunganisha kweli. Tulimwomba muuguzi atuandikie wagonjwa wa karatasi kabla ya kugusa msimbo: umri, dalili, na uamuzi ambao yeye angefikia. Sisi tukaongeza wa mipakani: pumzi 49 na 50, 39 na 40, mtoto wa miezi 11 na siku 29. Kila mgonjwa wa karatasi akawa jaribio linaloendeshwa kila msimbo unapobadilika. Muuguzi na daktari walipotofautiana juu ya mgonjwa mmoja, hatukupiga kura. Tuliwaketisha pamoja. Mara moja ubishi ulikuwa juu ya mtoto "anayetapika kila kitu". Muuguzi akaeleza kwamba yeye hakubali neno la mama peke yake, anampa mtoto maji pale pale na kutazama kama yatakaa. Kumbe na mwongozo unashauri hivyo mwenye kupima akiwa na shaka. Sisi tuliokuwa tumeandika kisanduku cha ndiyo na hapana tulikuwa tumeupunguza uamuzi wa mtu mzima kuwa tiki.

Programu pia lazima iweze kusema kwa nini. MYCIN, mfumo wa Stanford wa miaka ya 1970 wa kushauri juu ya maambukizi ya bakteria, ulikuwa na kanuni zipatazo 600, na daktari aliweza kuuuliza sababu ya swali au uamuzi wowote. Sisi tunaonyesha mstari wa jedwali uliotumika, na tunahifadhi toleo lake pamoja na rekodi ya mgonjwa, ili miaka miwili baadaye ijulikane uamuzi ulitolewa kwa kanuni ipi.

Siku hizi naulizwa kwa nini nisiiachie modeli kubwa ya lugha, ile akili bandia inayosoma na kuandika maandishi, ifanye yote. Naitumia kutoa rasimu ya jedwali kutoka kwenye mwongozo, na inaniokolea muda. Uamuzi wa mtoto siuachii, kwa sababu siwezi kuonyesha mstari ulioutoa.

Kuhusu umri, sasa programu inauliza tarehe ya kuzaliwa kutoka kwenye kadi. Kadi isipokuwepo, inauliza kama anavyouliza yule muuguzi: alizaliwa kabla ya Ramadhani au baada? Mvua za masika zilikuwa zimeanza? Kwa kuwa Ramadhani huwahi kwa siku kama 11 kila mwaka, orodha ya matukio hayo haiwezi kukaa vilevile. Nayo iko kwenye Git, ina majaribio yake, na kila Januari yeye ndiye anayeisahihisha, nami nampitishia.