Kipandauso: si kila kichwa ni malaria

Huku kwetu Tanga ukisema kichwa kinakuuma, jibu liko tayari: kapime malaria. Majibu yakitoka hamna kitu, utaambiwa ni taifodi, halafu presha, halafu macho, na mwisho shangazi mmoja atanong'ona kuwa kuna mtu amekutazama vibaya. Malaria pimeni, sibishani na hilo. Lakini kichwa kinachokuja na kuondoka, kikarudi kwa namna ileile miaka nenda rudi, huku vipimo havionyeshi kitu, huenda ni kipandauso, au migreni kama wanavyosema hospitali.

Mara nyingi huuma upande mmoja, japo si lazima. Kinagonga, na ukiinama au ukipanda ngazi kinazidi. Mwanga unachoma, kelele hazivumiliki, moyo unachafuka. Bila dawa hukaa saa 4 hadi 72. Kichwa cha uchovu hubana pande zote kama kilemba kilichokazwa, na kazi unaendelea nayo; hiki kinakulaza.

Wengi hupata bila dalili ya kutangulia. Mimi ni katika wale wachache wenye kile madaktari wanachokiita aura. Nasahihisha madaftari, mara naona neno “mwanafunzi” halina katikati: “mwa” ipo, “nzi” ipo, hapo kati hapasomeki. Kisha pale patupu panazuka mstari wa zigizaga unaometameta, unatanuka polepole kuelekea pembeni, na baada ya kama nusu saa umetoweka. Ndipo kichwa kinaanza. Wengine hupata ganzi inayopanda kutoka vidoleni hadi mdomoni, au maneno hayatoki sawasawa. Mwanamke mwenye aura amwambie mhudumu kabla ya kupewa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa sababu vinaongeza hatari ya kiharusi. Kliniki hakuna aliyeniuliza, nilisema mwenyewe.

Ipo pia inayofuata hedhi, ipo inayokuja na kizunguzungu, na kuna watoto wanaoumwa tumbo badala ya kichwa.

Kuhusu dawa, shika mambo mawili: wahi, na hesabu. Meza kichwa kikianza tu, tena dozi kamili. Kwa mtu mzima ni paracetamol miligramu 1000, au ibuprofen 400 kama huna vidonda vya tumbo, matatizo ya figo wala ujauzito. Watu humeza kidonge kimoja kwa kulionea huruma tumbo, halafu wanailaumu dawa. Ukiwa unatapika, daktari anaweza kukuongezea metoclopramide. Zikishindwa, zipo triptani, kama sumatriptan, zilizotengenezwa kwa ugonjwa huu hasa. Mwenye maradhi ya moyo au aliyewahi kupata kiharusi hapewi.

Sasa kuhesabu. Dada yangu alikuwa na vidonge mkobani, pamoja na chenji za daladala. Ananunua viwili viwili duka la mtaani, asubuhi na jioni, mpaka kichwa kikawa cha kila siku. Kumbe dawa yenyewe ndiyo ilikuwa inakileta. Ukimeza paracetamol au ibuprofen siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vile vya mchanganyiko wenye kafeini, au triptani, siku 10 au zaidi, na hali hiyo ikapita miezi 3, uko kwenye hatari hiyohiyo. Daktari alimwachisha. Wiki za mwanzo alikuwa mkali hadi watoto wakahamia kwa bibi yao. Akaanzishiwa amitriptyline ya usiku.

Hiyo ni dawa ya kinga, sawa na propranolol (si kwa mwenye pumu) na topiramate (ina hatari kwa mimba). Usishtuke karatasi ya ndani ikitaja sonona, presha au kifafa; zilianzia huko. Humezwa kila siku hata kichwa kisipouma, na huchukua miezi 2 au 3 kuonyesha kazi yake, kwa hiyo anayeacha wiki ya pili hajaijaribu. Ziko sindano mpya za kuzuia CGRP, protini ya mwilini inayochangia maumivu haya; ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, lakini bei yake si ya mshahara wa mwalimu.

Ramadhani ina mtego wake: maji hakuna, usingizi unakatika, kahawa inakatwa ghafla. Mimi kahawa naanza kuipunguza Shaabani, na daku siiachi. Kwenye harusi nakaa karibu na mlango, udi usinifikie.

Ila kichwa kikilipuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika moja, au kikija na homa na shingo kukakamaa, mkono kulegea, kuchanganyikiwa, au baada ya kuanguka, au kikiuma vikali wakati wa ujauzito, au kikiwa kigeni kabisa kwa mtu aliyevuka miaka 50, usihangaike na vidonge. Nenda hospitali siku hiyohiyo.