Maswali Yenu: Lori la Peleti Likija, Nyumba Iwe Tayari

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaoachana na mifuko ya kilo 15 na kuanza kuagiza peleti za mbao kwa tani, yaani vijiti vidogo vya unga wa mbao uliogandamizwa, vinavyochomwa kwenye boila ya kupasha nyumba joto. Peleti hizo huletwa na lori lenye tangi, nazo hupulizwa kwa hewa kupitia mpira mnene hadi ndani ya stoo.

Lori ni kubwa kiasi gani, na lazima lifike mlangoni?

Si lazima lifike mlangoni, ila lisiwe mbali. Lori lenyewe lina upana wa mita 2.5 bila vioo na kimo kinachokaribia mita 4, kwa hiyo tafuta njia ya mita 3 kwa upana na uangalie juu pia: matawi, nyaya, paa la lango. Ardhi ndiyo husahaulika. Lori lililojaa huweza kuwa na tani 18, na yapo yanayozidi 30. Mfuniko wa shimo la maji taka au sakafu nyembamba ya matofali haibebi uzito huo, kwa hiyo mwonyeshe dereva yalipo mashimo kabla hajaingia.

Kisha pima safari ya mpira wenyewe, ukifuata kona zote, toka lori litakaposimama hadi kwenye kiungo cha ukutani, pale mpira unapoungwa na bomba la stoo. Mita 20 ni sawa. Mita 30 kwa kawaida ndiyo mwisho, na hata kabla ya kufika hapo kila mita inayoongezeka inazisugua peleti na kuzifanya unga. Mtumie muuzaji picha za njia, lango na kiungo unapoagiza, si asubuhi ya kuletewa.

Stoo yangu ina mita 3 kwa 2, na kimo cha mita 2.3. Niagize tani ngapi?

Chumba chote ni mita za ujazo 13.8. Lakini kama sakafu ina mbao zenye mteremko kila upande ili peleti ziteremkie kwenye parafujo inayozipeleka kwenye boila, hesabu thuluthi mbili tu ya nafasi hiyo, yaani kama 9.2. Mita moja ya ujazo ya peleti ina takriban kilo 650, kwa hiyo stoo tupu itapokea karibu tani 6. Toa kiasi kilichobaki chini, halafu punguza kidogo tena. Peleti zikiziba mdomo wa bomba kabla lori halijamaliza, mpira mzima huziba na kazi ya kuuzibua ni ndefu.

Mteremko uwe nyuzi 40 hadi 45. Ukiwa mdogo zaidi, peleti hukwama pembeni na boila huzimika huku stoo ikionekana ina mzigo.

Fundi ametoboa ukuta na kuweka mabomba mawili. Moja halitoshi?

Halitoshi. Peleti haziingii peke yake, zinaingia pamoja na hewa nyingi sana. Hewa hiyo isipopata pa kutokea, itatafuta nyufa za mlango na kupeleka vumbi ndani ya nyumba, au itapandisha shinikizo la stoo hadi ukuta mwepesi upasuke. Bomba la kwanza linaingiza. La pili linaunganishwa na feni ya kufyonza yenye mfuko wa vumbi, na feni hiyo mara nyingi hutumia umeme wako: andaa soketi ya volti 230, ampea 16, karibu na hapo. Yaandikwe wazi lipi la kuingiza na lipi la kutoa.

Mabomba yawe ya chuma, kipenyo milimita 100, yenye viungo vya Storz, aina ya viungo vya mpira vinavyofungwa kwa kuzungusha. Bomba la plastiki la maji taka halifai kabisa. Peleti zikipita kwa kasi huzalisha umeme tuli, na cheche moja ndani ya vumbi la mbao ni hatari ya mlipuko. Kwa sababu hiyo hiyo bomba la chuma nalo lifungwe waya wa ethi, shaba ya milimita za mraba 4 au zaidi. Kona kali zinavunja peleti. Mbili za nyuzi 45 ni bora kuliko moja ya 90, na baada ya kona ya mwisho liache bomba lililonyooka angalau sentimita 30 ili mzigo utoke ukielekea mbele, sio ukitawanyika.

Peleti nilizoletewa zilikuwa nzuri, lakini sasa parafujo inakwama kwa unga. Muuzaji amenidanganya?

Huenda, ila kagua stoo kwanza. Je, kuna pazia la mpira mgumu linaloning'inia mkabala na bomba la kuingiza, kama sentimita 20 kutoka ukutani? Bila pazia, peleti zinajipiga kwenye saruji, zinapasuka, na zinabandua plasta ambayo nayo inaishia kwenye parafujo. Pazia lililochakaa au kujikunja halisaidii.

Sababu ya pili ni tabia ya kuongezea mzigo mpya juu ya wa zamani. Unga hujikusanya chini, na kila mzigo unaongeza wake. Agiza stoo ikikaribia kuisha, na angalau kila baada ya miaka 2 iache iishe kabisa, ifagiliwe na kusafishwa kwa mashine ya kufyonza.

Ukitaka ushahidi, mwombe dereva akupe sampuli kabla ya kupuliza. Pima uzito wake, chekecha kwa chekeche la matundu ya milimita 3.15, kisha pima kilichopita. Kiwango cha ENplus, ambacho ni alama ya ubora wa peleti, kinataka unga usizidi asilimia 1 wakati lori linapakiwa.

Boila nizime lori likifika?

Umechelewa. Zima saa moja kabla au mapema zaidi, kama kitabu cha boila kinavyosema. Feni ikifyonza hewa ya stoo, inaweza kuvuta moto au moshi kutoka kwenye boila kurudi kwenye peleti zako. Zima kwa kidhibiti chake, usikate umeme kwenye swichi kuu: boila inahitaji feni yake ili imalize kuunguza kilichobaki.

Naweza kumtuma kijana aingie asawazishe peleti wakati dereva anapuliza?

Hapana, tafadhali. Wala baada ya kupuliza, wala kesho yake. Mafuta ya asili yaliyomo kwenye mbao hukutana na oksijeni na kutoa gesi ya kaboni monoksaidi, hasa wiki za mwanzo baada ya peleti kutengenezwa. Haina harufu wala rangi, na barakoa ya vumbi haiizuii. Watu wamekufa ndani ya stoo za peleti Ujerumani na Uswisi, wengine wakiingia kurekebisha jambo dogo.

Vifuniko vya mabomba viwe vile vyenye matundu, vinavyopumulia nje ya nyumba. Ikibidi kuingia, zima boila, fungua mlango kwa dakika 15 au zaidi, pima gesi kwa kifaa, na usiingie ikizidi sehemu 30 kwa milioni. Abaki mtu nje anayekuona muda wote, naye akikuona umeanguka asikufuate, aite waokoaji. Mlango ufungwe kwa ufunguo na ubandikwe onyo.

Na mlango huo ufunguke kuelekea nje, huku ndani yake pakiwa na mbao zilizopangwa kwenye reli, unazochomoa moja moja kuanzia juu. Usipoziweka, tani kadhaa zitakumwagikia siku utakayoufungua.

Ukuta wa stoo una unyevu kidogo tu. Kuna shida?

Ipo. Peleti zikilowa huvimba, hugeuka unga wa msumeno, kisha hukauka na kuwa ngumu kama jiwe kwenye parafujo. Zikilowa nyingi, huweza kusukuma ukuta. Kama huwezi kuukausha, nunua silo ya kitambaa, yaani mfuko mkubwa wa kuhifadhia peleti, inayosimama kwenye fremu bila kugusa ukuta. Kitambaa chenyewe hupitisha hewa, kwa hiyo bomba la kufyonza mara nyingi halihitajiki, lakini chumba kilichobeba silo lazima kiwe na tundu la kupitisha hewa kwenda nje.