Mwanangu, kwa nini tuisome Biblia kila siku

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Ujumbe wako nimeupata, nikaona nisikujibu juu juu. Umeniuliza hivi: "Mama, nasali kila siku, kanisani siachi, mchungaji anatufundisha vizuri, na hadithi za Biblia nazijua tangu Shule ya Jumapili. Kuisoma kila siku kunaniongezea nini? Mara nyingi nikisoma sisikii chochote moyoni, na ikifika mchana nimeshasahau nilichosoma asubuhi." Nimefurahi umeuliza. Wengi huacha kimya kimya wala hawamwambii mtu.

Nianze na maombi. Usiache kusali. Lakini tukisali, mara nyingi wanaosema ni sisi. Chukua habari ya yule mwenzako wa kazini uliyenieleza, aliyejipatia sifa kwa kazi uliyoifanya wewe. Unapiga magoti na uchungu wako, unamweleza Mungu ubaya wote wa mtu yule, unainuka umeridhika kwamba Mungu yuko upande wako. Nani amekuambia? Hapo umejisikiliza mwenyewe.

Sasa fungua Mathayo 5, mstari wa 23. Bwana Yesu anamzungumzia mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka yake, halafu akakumbuka kwamba "ndugu yako ana neno juu yako". Soma polepole. Hasemi ukikumbuka kwamba wewe una neno juu ya ndugu yako. Mwenye neno ni yule mwingine, na wa kuondoka kwenda kutafuta mapatano ni wewe. Sadaka iachwe palepale, upatane kwanza, kisha urudi uitoe. Ulikuja na mashtaka, unaondoka umepewa kazi. Wazo la namna hiyo halizaliwi katika moyo wenye uchungu, hata uombe usiku kucha. Lazima litoke kwa mwingine. Kama ningeruhusiwa kukupa jibu moja tu, ningekupa hili: nisipolisikia Neno lake, taratibu najitengenezea Mungu anayekubaliana nami kwa kila jambo, na huyo hawezi kuniokoa na chochote.

Kuhusu mahubiri, namheshimu mchungaji wako. Lakini watu wa Beroya walihubiriwa na Paulo mwenyewe, na bado, inasema Matendo 17:11, waliyachunguza maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Luka, aliyekiandika kitabu hicho, hawalaumu kwa kumtilia mtume shaka. Anawaita waungwana.

Nikupe mfano, maana jambo hili linaniumiza. Yeremia 29:11 unaujua kwa moyo: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana." Watu hutumiana siku za kuzaliwa, siku za harusi, mwaka ukianza. Ni neno la kweli na mimi nalipenda. Lakini umewahi kukaa ukaisoma sura yote? Ni barua, mwanangu. Yeremia anawaandikia kutoka Yerusalemu watu waliochukuliwa mateka mpaka Babeli. Anawaambia wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani, waoe na kuozesha, wautakie amani mji uleule waliohamishiwa na kuuombea. Kisha, mstari mmoja tu kabla ya huo tunaoupenda, anawaambia itakuwa miaka 70. Wengi wa waliosomewa barua hiyo wangezikwa ugenini.

Rudi nyuma sura moja. Hapo kuna nabii mwingine, Hanania, aliyewaahidi watu kwamba katika miaka 2 kila kitu kitarudi. Akaivunja na nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, mbele ya watu wote. Wewe ungekuwepo siku ile, ungemfuata nani? Yeremia akamwambia wazi kwamba Bwana hakumtuma, na kwamba anawatumainisha watu hawa maneno ya uongo.

Akina Hanania hawajaisha. Mstari mmoja uliokatwa na kutengwa na wenzake unaweza kumwahidia mtu lolote: kazi, mchumba, uponyaji kabla ya Ijumaa. Nimeona watu wakiahidiwa hivyo, na ahadi ilipokosa kutimia hawakumwacha aliyewaahidi, walimwacha Mungu. Mtu aliyeisoma sura nzima ana kinga. Wala tumaini halimpungukii, kwa sababu tumaini la Yeremia 29 lilipewa watu ambao mambo yao yasingenyooka kesho, nalo likawabeba.

Hili la kusahau lisikusumbue sana. Unakumbuka mana, chakula Mungu alichowashushia Waisraeli jangwani, katika Kutoka 16? Waliokota kila siku posho ya siku hiyo, na waliyoibakiza mpaka asubuhi ikaingia mabuu na kunuka. Kumbukumbu la Torati 8:3 inasema Mungu aliwalisha mana hiyo ili wajue kwamba mwanadamu haishi kwa mkate tu. Na ndilo neno lile lile Bwana Yesu alilomjibu Shetani nyikani, akiwa na njaa, bila gombo mkononi. Majibu yake yote matatu yametoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Yalikuwa ndani yake kabla ya siku ile. Tena tazama, Shetani naye alinukuu, Zaburi ya 91. Bwana alimjibu andiko kwa andiko.

Sasa hili la kutosikia chochote. Sitakuficha, hata mimi kuna asubuhi nyingi za hivyo. Lakini nikukumbushe siku zile baada ya kumzika baba yako. Wageni walikuwa wameondoka, wewe umelala kwenye kochi na viatu miguuni. Watu wema walikuwa wameniambia mchana kutwa kwamba nisilie, kwamba kila jambo lina sababu. Nikawasha taa ya mezani, nikaenda moja kwa moja Zaburi ya 88. Nilijua ilipo kwa kuwa nilikuwa nimeipita mara nyingi katika kusoma kwangu, bila hata kuguswa. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mbele ya safari. Ile ya 13 inaanza na "Hata lini" na kumalizia kwa kuimba. Hii ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kumlilia Mungu mchana na usiku, inaishia gizani. Niliisoma kwa sauti ndogo nisikuamshe, nikalia nilivyotaka kulia tangu asubuhi. Mungu ndiye aliyeruhusu kilio kile kiandikwe katika kitabu chake, bila kukiongezea mstari wa faraja mwishoni. Usiku ule hilo lilinitosha kabisa, na sikuwa na nguvu ya kwenda kuanza kulitafuta kama nisingekuwa nalijua.

Basi usipime kwa unavyojisikia asubuhi hiyo hiyo. Pima baada ya muda, kwa unavyomjibu anayekuudhi, kwa unachokataa kuamini mtu akija na maneno matamu, kwa unachokimbilia ukipatwa na jambo. Na ukiona kusoma kwako kunakufanya ujione bora kuliko wenzako, simama, rudi Yohana 5, mstari wa 39 na wa 40. Bwana anasema na watu waliokuwa wakiyachunguza maandiko kwa bidii, na kwake hawakutaka kwenda.

Usianze na mpango mkubwa. Anza na Marko, ina sura 16 tu. Soma kisa kizima kila siku, kwa sauti ukiweza, kabla hujaifungua simu. Kisha sali juu ya hicho ulichosoma kabla ya kuleta yako. Ukifika sura ya 4, pale wanafunzi wanapomwamsha Bwana aliyelala kwenye shetri, sehemu ya nyuma ya chombo, wakimwuliza kama si kitu kwake kuwa wanaangamia, uniandikie. Mimi nina langu la kusema juu ya swali lao, lakini nataka nilisikie lako kwanza.

Akupendaye,
Mama yako