Mjomba, niwe mwema au mwovu?

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Wiki mbili zilizopita alinitumia ujumbe saa tano usiku, muda ambao mama yake anaamini amelala: "Shikamoo mjomba. Nimeanza Star Wars: The Old Republic, nimechukua Sith Warrior. Niwe mwema au mwovu?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia alale. Jibu lenyewe limenichukua muda, na kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniuliza, naliweka hapa.

Gemu hiyo ya mtandaoni, ambako unaunda mhusika wako na kumchagulia majibu, ilitoka Desemba 2011, na wageni wengi hupotea palepale mlangoni. Wanadhani ukichagua Sith, mpiganaji wa upande wa Himaya, umeshachagua uovu. Sivyo. Jeshi unalolipigania ni kitu kimoja, tabia yako ni kitu kingine. Unaweza kuwa Sith wa Himaya ukajaza pointi za Nuru, yaani za wema, na unaweza kuwa Jedi, mpiganaji wa upande wa pili, wa Jamhuri, mwenye roho ya kikatili na pointi za Giza. Pointi hizo huzipata hasa kwenye mazungumzo, pale jibu lenye alama ya Nuru au ya Giza linapotokea. Giza likizidi, uso wa mhusika wako unaanza kuharibika: ngozi inapauka, mishipa inajitokeza, macho yanakuwa ya njano. Kwenye mipangilio kuna kisanduku cha kuficha hayo. Mimi nilikitumia. Nilitumia karibu saa nzima kumchonga yule kijana, sikuwa tayari kumwona amechakaa.

Mara yangu ya kwanza niliapa kwenda na Giza mwanzo mwisho. Mapema kabisa, kwenye sayari ya Korriban, unakabidhiwa binti aitwaye Vette, mtafuta hazina aliyekamatwa makaburini. Ana kola ya umeme shingoni, na wewe ndiye unayeamua apigwe shoti au aachwe. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu nilichagua shoti huku natafuta chaja ya simu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimeacha kusoma mazungumzo: jicho langu linatafuta alama ya Giza tu, nabofya, nasonga mbele. Gemu ambayo utamu wake wote ni hadithi, mimi naicheza kama mtu aliyekwenda harusini kuhesabu viti.

Nilianza upya na Sith mwenye huruma, na huyo ndiye niliyemfikisha mwisho. Wakubwa wake wanategemea aue, yeye anasamehe. Walimu wanaanza kumtilia shaka, maadui wanababaika kwa sababu hawajui wamjibu nini. Vette aliyevuliwa kola ana maneno mengi na utani mwingi kuliko yule anayeogopa shoti. Kwa hiyo mpwa wangu, ukitaka maoni yangu, kwenye Himaya jaribu wema. Kwenye Jamhuri, chukua mfanya magendo umwache awe na mkono mrefu kidogo. Mwachie mhusika ajibu kama yeye, hata kama pointi zitachanganyika. Siku hizi kuna hata swichi ya kuchagua upande ambao pointi za mapigano zitaingia, basi huna haja ya kuzikimbiza kwenye kila mazungumzo.

Mkiwa kikundi mambo hubadilika. Kwenye misheni ya meli iitwayo Esseles mnafika mahali mnapaswa kuamua: kuwatupa mafundi wa meli nje kwenye anga tupu ili mpite haraka, au kuzunguka njia ndefu waishi. Kila mmoja anachagua, gemu inarusha dadu, mwenye namba kubwa ndiye anayesema. Ninachokipenda ni hiki: ukishindwa kwenye dadu, pointi unazopata bado ni za kile ulichochagua wewe. Wenzako wamewaua mafundi, ila kwako imeandikwa Nuru. Lakini semezaneni kabla. Kuna watu wamebakiza bando la nusu saa, na kila dakika ya ile njia ndefu inawauma.

Sasa kuna uovu wa aina nyingine, na huu sina utani nao. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilicheza sana gemu nyingine ya mtandaoni, Old School RuneScape. Kaskazini mwa ramani yake kuna eneo linaitwa Wilderness, unavuka mtaro na kuanzia hapo mchezaji mwingine mwenye kiwango kinachokaribiana na chako anaweza kukuua. Nilizoeana na mgeni mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza amemuua joka Elvarg, kazi inayokupa ruhusa ya kuvaa deraya ya kifuani ya rune, chuma cha humo gemuni. Nikamwambia anifuate nimwonyeshe mahali pa vitu vya bure. Akanifuata na sarafu zake zote mfukoni. Nilipompiga nilitokea na fuvu jeupe juu ya kichwa, alama ya aliyeanza ugomvi. Alibakiwa na vitu vitatu vya bei kubwa kama sheria inavyosema, nami nikazoa kofia, upanga na sarafu. Akaniandikia kuuliza kama nimebofya kwa bahati mbaya.

Fuvu hudumu dakika 20. Lile swali nalikumbuka mpaka leo, na zile sarafu sijui hata nilinunulia nini.

Vette ameandikiwa maneno yake na waandishi wa hadithi, ukimtesa hakuna anayelala vibaya. Yule mgeni alikuwa ameketi mahali fulani mbele ya skrini. Zipo gemu kama EVE Online ambako utapeli kati ya wachezaji unaruhusiwa kwa kiasi kikubwa, na anayeingia huko huambiwa mapema asimwamini mtu. Huko ni sawa na bao: nikila kete zako hunidai. Mimi nilimla mtu ambaye hakujua kwamba tunacheza. Ukifika kwenye uchaguzi wa namna hiyo, mpwa wangu, usinitumie ujumbe, jibu unalo.

Juzi kanitumia picha ya skrini. Vette hana kola, anacheka. Pembeni yake kasimama Sith wa mpwa wangu, macho njano tii. Nimeanza kuandika swali, nikafuta. Ilikuwa saa sita kasoro usiku, nikamwambia alale.