Kijana wa bendera, nani amulipe?

SWALI: Jambo mukubwa. Niko Lubumbashi, masomo ya batoto iko kando ya barabara ya Kasenga, magari inapita mbio sana. Bazazi tulimupata kijana mumoja, bendera nyekundu na filimbi, asubui anabavusha. Sasa direktere anaomba franka 2,000 kila mwezi kwa kila mutoto, na mwenye hajalipa mutoto wake anarudishwa. Ni haki? Mama wa batatu.

JIBU: Mama, kumurudisha mutoto hapana kabisa. Kama ni primeri ya serikali, Katiba ya 2006, artikli ya 43, inasema ni bure, na tangu 2019 serikali ndiyo imeanza kuitekeleza. Kuongoza magari ni kazi ya polisi ya rulaji, na yeye mshahara wake unatoka kwa serikali, si kwa mufuko wako. Ila tuseme ukweli, saa moja asubui yule polisi iko rond-point anasimamisha taksibisi, kwenu hafiki.

Komite ya bazazi inaweza kuchanga, lakini kwa kupenda, na daftari ionekane na kila mutu. Hata Uingereza, kule halmashauri ndizo zinalipaga benye kuvusha batoto, sheria haizilazimishe, kwa hiyo ingine inakata.

Mimi ningeanza na barua kwa burgumestre, mukubwa wa komine yenu, komite isaini, muombe polisi mumoja saa ya kuingia na ya kutoka, na dodani mbili, yale matuta ya kupunguza mbio ya magari. Tena huyo kijana mumupe jile, kile kizibao cha kungaa, bendera peke yake shofere haione mu vumbi.