Elfu mia moja na ishirini ni pesa ngapi?

SWALI: Mwalimu, jambo. Ninapangisha chumba hapa Ibanda, na mpangaji mpya ameniomba karatasi ya garanti, ile pesa ya dhamana ya chumba. Nimemwandikia: "Nimepokea dolari mia tatu na franga elfu mia moja na ishirini." Mtoto wangu anasema neno zuri ni "dola". Nibadili? (Mama mwenye nyumba, Bukavu)

JIBU: Usibadili, mama. Yote mawili yanapita. Mimi mwenyewe napenda "dolari", kwa sababu "dola" ni serikali pia, neno tulilolipata kwa Waarabu, na kupokea serikali mia tatu kwa siku moja ni mzigo.

Mtoto wako ameona sisimizi, chui amempita. Chui ni hiyo "elfu mia moja na ishirini". Wewe unajua ni 120 000 kwa kuwa ulizihesabu kwa mikono yako. Karatasi haikuwepo. Mtu mwenye nia mbaya atasoma "elfu mia moja", atapumua, halafu "na ishirini". Franga 100 020. Na sarufi itakuwa upande wake!

Nisidhaniwe natania. Baba yangu mdogo alimkopesha jirani, wakaandikiana "franga elfu mia mbili na hamsini", bila tarakimu, kwa kuwa waliaminiana. Siku ya kulipa jirani akaja amenyoosha shati, akapanga mezani noti kumi za elfu ishirini, na juu yake akaweka kinoti kimoja cha franga hamsini, kimechakaa, sijui alikitoa wapi, maana hata muuza karanga wa Kadutu hakitaki. Akasema: "Mzee, hesabu." Franga 49 950 zilikuwa zimelala ndani ya "na" moja. Wazee walikaa juu ya neno hilo mchana mzima. Baba mdogo alirudishiwa zilizobaki baada ya miezi, na tangu hapo nikiona "elfu mia" ikifuatwa na "na" tumbo linanikata.

Najua nitakachojibiwa: tuweke elfu mwisho, kama Kifaransa. "Mia moja na ishirini elfu." Walimu wenzangu wanaifundisha hiyo! Lakini Kifaransa husema "cent vingt mille" (mia, ishirini, elfu), hakuna "na" katikati. Kwetu "na" ipo, na mia moja, na ishirini elfu, jumla yake ni 20 100. Umekimbia mvua ukaingia mtoni.

Dawa ni laki. "Laki moja na elfu ishirini", basi, hakuna pa kuingiza mkono. Nikisema hivyo hapa Bukavu naambiwa laki ni ya Watanzania. Laki ni ya Wahindi, kama tunatafuta mwenyewe. Elfu na mia ni za Waarabu, milioni ilikuja na Wazungu. Anayeona haya kutumia laki awarudishie wote vyao, ahesabu kondoo kwa makumi. Na kama ulimi wako umeikataa kabisa, rudia elfu: "elfu mia moja na elfu ishirini". Haipendezi, ila haiibiwi.

Hata sheria imeegemea maneno. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na sheria yake ya dhamana inamtaka mdhamini aandike kwa mkono wake kiasi cha juu anachodhamini, kwa maneno na kwa tarakimu. Vikipingana, maneno ndiyo yanayoshinda. Garanti ya chumba ni jambo lingine, lakini funzo ni lilelile. Tarakimu nazo ni kigeugeu: mfanyabiashara wa Kampala akiandika 1,500 anataka elfu moja na mia tano, sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaona moja na nusu.

Sokoni semeni mnavyotaka. "Makumi mbili", "kenda", "vingt mille" katikati ya Kiswahili, nimechoka kukemea, na nyanya zinanunuliwa vilevile. Kwenye karatasi yenye sahihi, hapana.

Kwa hiyo, mama, chana ile, andika: "Nimepokea dolari mia tatu (300), pamoja na franga laki moja na elfu ishirini (120 000)." Nimeweka "pamoja na" makusudi. Zile "na" nimeanza kuziogopa.