Mbunifu wa ndani analipwa kwa kazi gani? Jibu refu kwa mleta uzi

Mleta uzi anajenga nyumba ya vyumba vitatu Kigamboni. Bati limeshapanda, plasta bado. Anauliza kwa nini amlipe mtu wa interia wakati mkewe ana jicho zuri na Kariakoo mapazia yamejaa. Wachangiaji wengi wamemwambia akae mbali na matapeli wa Instagram. Wakuu, kazi hii ndiyo inayonilisha, kwa hiyo mna haki ya kunisoma kwa tahadhari.

Tuanze na hayo mapazia. Kama shida yako ni mapazia tu, usimlipe mtu. Shemeji anatosha, na fundi mapazia mzoefu anajua vitambaa kuliko mimi.

Tatizo ni kwamba watu wanatuita ikishafika hatua ya mapazia, na kufikia hapo mambo mengi ya maana yameshafungiwa ndani ya saruji. Kuna mama mmoja wa Mbweni aliniita nimsaidie kuchagua rangi ya vigae vya bafu la chini. Chumba kilichopakana na bafu hilo kilikuwa cha mama yake mzazi, bibi anayetumia kiti cha magurudumu. Nikatoa futi nikapima mlango. Fremu ilishasimikwa na uwazi wake haukufika sentimita 70, maana seremala alipewa oda ya "milango ya choo" akatengeneza kama anavyoitengeneza siku zote. Kiti cha magurudumu kinataka uwazi wa sentimita 80 hivi, la sivyo anayekiendesha anachubuka vidole kila akipita. Ndani kinahitaji nafasi ya duara ya kama mita moja na nusu ili kigeuke, na sinki la kunawia lilikuwa limekaa humo humo. Mlango wenyewe ulifungukia ndani. Bibi akianguka nyuma yake, mwili wake ndio utakaowazuia wanaokuja kumwinua. Na vile vigae vilivyoniita pale vilikuwa vya kung'aa, vya sebuleni, ambavyo vikilowa maji havina huruma na mguu wa mzee.

Hakuna fundi aliyeharibu. Kila mmoja alifanya alichoagizwa. Alichokosa yule mama ni mtu wa kumuuliza, ramani ikiwa bado karatasi, nani ataoga humu na ataingiaje. Tulikata ukuta upande mmoja, tukaweka mlango wa kusukuma pembeni, sinki likahamia kona nyingine pamoja na bomba zake, na pale pa kufunga vyuma vya kushikilia tukajaza zege, kwa sababu tofali la matundu halibebi uzito wa mtu anayejivuta. Kubomoa na kurudishia kulimgharimu kuliko ada yangu. Rangi aliyoitaka aliipata, ila kwenye kigae chenye uso wa kukwaruza.

Kwa nyumba yako, mkuu, hatua uliyopo sasa ndiyo yenye faida. Fundi umeme atakuja kuchimba kuta, na usipompa mchoro atakuwekea soketi mbili kila chumba na taa moja katikati ya dari. Kitanda kikiingia, soketi moja inaishia nyuma ya kabati na nyingine mlangoni, halafu maisha yako yote ni ekstensheni. Jikoni, kimo cha meza ya kazi kwa kawaida ni kati ya sentimita 85 na 90, lakini anayepika hapo ni nani? Kama ni mrefu, mgongo utamuuma kila siku kwa ajili ya kipimo cha mtu mwingine. Kabati la chini ya sinki ukilitengeneza kwa MDF tupu, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, unyevu utalivimbisha, na hewa ya pwani haina subira. Dirisha kubwa la kioo linalotazama magharibi litakufanya uwashe kiyoyozi kila jioni, na pazia la ndani halitakuokoa kwa sababu joto limeshapita kioo. Taa za chumbani chukua za kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000, zenye mwanga wa njano. Zile nyeupe za 6500 waachie wenye maduka ya simu.

Hayo yote hayaonekani kwenye picha, na hapa nawalaumu wenzangu wa fani. Kurasa zetu mtandaoni zimejaa sebule zilizokwisha, zina maua na mito, hakuna hata mchoro mmoja wa umeme. Tukijitangaza kama wauza mapambo, tusishangae kuitwa wauza mapambo. Dari za jipsamu zenye ngazi nne na taa za zambarau nazo zimetuponza.

Pia watu hawajui kwamba hii ni taaluma inayosomewa. Chuo Kikuu Ardhi kina shahada ya ubunifu wa ndani, na ile bodi inayosajili wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, AQRB, inatuhusu na sisi. Uliza usajili kabla hujatoa hela. Mtu akikuambia "hii nguzo tunaitoa" bila kumtaja mhandisi, mtoe yeye.

Na msiniambie ni mambo ya Wazungu. Nenda Lamu kwenye nyumba za mawe. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu urefu wa boriti za mikoko ndio uliopanga upana, na fundi akachonga zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za plasta ya chokaa kwenye ukuta wa chumba cha ndani kabisa. Ujenzi na urembo walivifikiria pamoja.

Kuhusu malipo, wapo wanaotoza kwa mita ya mraba, wapo wanaotoza asilimia ya gharama ya kazi, wapo wa ushauri kwa saa. Jihadhari na anayesema kuchora ni bure. Huyo anakula cha juu dukani, na vigae atakavyokuchagulia vitafuata duka linalomlipa vizuri. Mwambie risiti zije kwa jina lako, na uzilipe mwenyewe.

Kwa nyumba ya ukubwa huo sioni haja ya kumwajiri mtu mradi mzima. Lipa ushauri wa mara moja, mkae naye na shemeji mbele ya ramani kabla fundi umeme hajagusa ukuta, naye awaachie mchoro wa soketi, taa, bomba na fanicha wenye vipimo. Ukitaka, weka ramani hapa, futa kwanza jina na namba ya kiwanja. Sehemu ya jikoni nitakuangalizia mimi.